Eti triari walikuwa "wafunga farasi"! Yule bwana wa video safari hii kavuka mpaka

Wakuu, salamu baadaye. Simtaji, mnamjua: yule yule wa video za vita vya kale, mwenye sauti ya mtangaza msiba. Jana usiku katoa mpya kuhusu jeshi la Warumi. Veliti, askari wepesi, kawaeleza, hastati, safu ya mbele, kawaeleza, kofia zao na manyoya yake kazieleza mpaka kuku wenyewe wakaona aibu. Kufika kwa triari, askari wakongwe kuliko wote, safu ya nyuma, kasema: "Hawa walikuwa wazee wa kufunga farasi." Halafu akacheka. Wakuu, AKACHEKA.

Najua kaokota wapi. Polybius, mwanahistoria Mgiriki, anaeleza kwamba kambini kila manipuli (kikosi kidogo) ya triari ilitoa zamu ya kulinda farasi wa kikosi cha wapanda farasi kilicho jirani nayo, wasijinase kwenye kamba wakaumia, au wakafunguka na kuvuruga kambi nzima. Sawa, zamu ya kambi. Mbona hakusoma na pale panaposema kuwatumikia matribuni, yaani maofisa wa legioni, kupiga mahema yao na kusawazisha uwanja waliachiwa hastati na prinsipe (safu ya pili), triari wakasamehewa? Hapo macho yalimuuma?

Legioni, kikosi kikuu cha jeshi la Warumi, kwa kawaida ilikuwa na watu 4,200 wa miguu: veliti 1,200, hastati 1,200, prinsipe 1,200, triari 600 tu. Hali ikiwa mbaya legioni ikapandishwa hadi 5,000, wengine wote wanaongezwa, triari wanabaki 600. Mkongwe haokotwi sokoni. Wenzao wanabeba mikuki ya kurusha, wao mkuki mrefu wa kuchoma. Wanapiga goti, mguu wa kushoto mbele, ngao begani, mkuki umesimikwa kwa mshazari ncha ikimtazama adui. Yeye kaona goti kasema wanapumzika! Hastati wakilemewa wanarudi kupitia mapengo ya prinsipe. Prinsipe nao wakizidiwa, wote wanapenya katikati ya triari, ndipo wazee wanainuka, wanaziba mapengo, wanasonga mbele kama ukuta. Nyuma yao hakuna mtu. Warumi wakibanwa walisema mambo yamefika kwa triari. Nani aliwahi kusema mambo yamefika kwa mfunga farasi?

Na vita vya Veseris dhidi ya Walatini, majirani wa Roma, 340 KK? Livy, mwanahistoria Mrumi, anasimulia kwamba konsuli Manlius, jemadari wa Warumi, aliwaacha triari wake wamepiga goti, akatanguliza askari wa akiba wa daraja la chini kabisa. Walatini wakadhani ndio triari wenyewe, wakaingiza wa kwao. Wakapigana mpaka wakachoka, mikuki ikavunjika. Hapo Manlius akawainua wake, hawajachoka hata kidogo. Huko nako walikuwa wanafunga farasi? Na akacheka!

Karanga_za_Moto: Nimekaa pale nasoma. Povu lote hili kwa ajili ya wazee 600?

Kohoti ya Kumi: Mleta uzi punguza jazba. Mara ngapi hastati na prinsipe walimaliza kazi, wazee wakarudi kambini na vumbi la goti moja? Bwana kazidisha, ila hakudanganya sana.

Mleta uzi: Mkuu, akiba isiyotumika ndiyo inayomfanya jemadari athubutu kuwachosha wa mbele. Vita vya Zama, Afrika Kaskazini, 202 KK, Scipio, jemadari wa Warumi, aliwatoa prinsipe na triari nyuma akawapanga pande zote mbili za hastati, safu moja ndefu, wakakabili wakongwe wa Hannibal, jemadari wa Karthago. Wafunga farasi hao!

Kohoti ya Kumi: Umejichongea. Zama pale miguu kwa miguu walikuwa nguvu sawa. Walioamua ni Masinissa, mfalme wa Numidia aliyekuwa upande wa Warumi, na Laelius, msaidizi wa Scipio, waliporudi na wapanda farasi wakampiga Hannibal mgongoni. Sasa niambie, hao farasi walilindwa na nani kambini?

Karanga_za_Moto: 😂😂😂 Mods fungeni uzi. Na kamba.

Mama Skuta: Nyie mnagombania wazee, mimi hasira yangu ni mavazi. Hiyo hiyo video, askari wa Zama kawavalisha vazi la mabamba ya chuma! Yale ni ya enzi za Augustus, kaisari wa kwanza wa Roma, karibu miaka 200 baadaye. Wakati wa Scipio, mwenye mali ya zaidi ya drakma 10,000 (sarafu za Kigiriki) alivaa vazi la pete za chuma, wengine bamba la shaba la shubiri moja kifuani. Kawavika mabati ya nyumba.

Ncha_Kali: Afadhali wewe. Mimi kaniudhi aliposema mkuki mrefu haukuwahi kufika safu ya mbele. Mwaka 223 KK, dhidi ya Wainsubre, kabila la Wagalia kaskazini mwa Italia, matribuni waliigawa mikuki ya triari kwa manipuli za mbele. Panga za Wagalia zilipinda kwa pigo la kwanza, na mwenyewe asipopata nafasi ya kuunyoosha kwa mguu, upanga haufai tena. Wakapoteza makali kwenye mikuki ile, Warumi wakahamia panga fupi, wakabana, wakawa wanachoma tu. Mgalia anahitaji nafasi ya kuinua mkono, hana.

Mama Skuta: Na ngao kasema ubao mmoja mzito! Mbao mbili zimeunganishwa kwa gundi, juu kitambaa, kisha ngozi ya ndama, chuma ukingo wa juu na wa chini.

Fundi Gundi: Ngao iliyopatikana Fayum, Misri, ina tabaka tatu za mbao nyembamba, sentimita 128 kwa 63.5. Nyuzi za mbao hupishana kila tabaka, vinginevyo ngao inapasuka kwa urefu. Swali langu, mvua ikinyesha gundi inakuwaje?

Ncha_Kali: Safarini ilivalishwa kifuniko. Mto Sabis, 57 KK, Wanervii, kabila la Gallia, waliwavamia askari wa Caesar, jemadari wa Warumi, ghafla hadi hawakupata muda wa kuvua vifuniko.

Fundi Gundi: Huyo bwana vifuniko hajavitaja hata mara moja! Nafungua uzi wangu.