Nimelipia bunduki tangu Januari, na hadi leo sijafyatua risasi hata moja

Waungwana, salamu kwenu nyote. Nimejizuia kuandika haya kwa miezi saba, kwa sababu habari za silaha si za kuropokwa hadharani, lakini sasa yamenifika kooni.

Katikati ya Januari nililipa fedha zote, wala si arubuni, katika duka moja la silaha hapa Mombasa ambalo sitalitaja, nikanunua bunduki ya marisau, yaani ya risasi za chembe ndogo ndogo, yenye mitutu miwili, mmoja juu ya mwenzake, kwa ajili ya mchezo wa kulenga visahani vya udongo. Leo ni mwisho wa Agosti. Bunduki ipo, nimeiona mara mbili na kuishika mara moja, lakini kuifyatua bado.

Nieleweke mapema, maana najua watakaokuja mbio kunijibu. Sigombani na uchunguzi unaotangulia ununuzi. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka mwananchi awe na cheti kinachotaja silaha yenyewe na kiasi cha risasi anachoruhusiwa kuwa nacho, na mimi naona hiyo ni haki kabisa, kwani hakuna mwenye akili timamu anayetaka bunduki ziuzwe kama mahamri. Nilihojiwa, nikatoa alama za vidole vyote kumi kwa ajili ya cheti cha maadili mema, nikaonyesha kabati la chuma lililokazwa ukutani kwa boliti, na hata mke wangu aliulizwa maswali yake. Nilikubaliwa, ndipo nikalipa. Malalamiko yangu yanaanzia pale risiti ilipogongwa muhuri.

Kuanzia siku hiyo nimekuwa mpira. Mwenye duka anasema bunduki haiwezi kutoka mpaka namba yake iandikwe kwenye cheti changu, na hilo ni sawa. Nikienda kwa karani anayehusika naambiwa kwamba duka halijawasilisha karatasi za bunduki hiyo. Nikirudi dukani naonyeshwa nakala ya barua iliyopelekwa tangu Februari. Mara mbili nimepanda treni pale Miritini asubuhi na kwenda Nairobi kufuatilia, shilingi 1,500 kwenda na nyingine kama hizo kurudi kwa daraja la kawaida, na mara ya pili niliambiwa, kwa upole mkubwa, kwamba faili langu lilikwisha rudishwa Mombasa. Namba ya bunduki ina tarakimu sita. Ziliandikwa hatimaye mwishoni mwa Juni, kwa kalamu ya wino wa buluu, na sidhani kama kazi hiyo ilimchukua mwandishi dakika nzima.

Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba cheti chenyewe ni cha mwaka mmoja, kisha kinahuishwa kwa malipo. Saa ya cheti haisimami kumngoja karani wala mwenye duka. Kwa hiyo miezi saba ya kibali nilichokilipia imeliwa na kungoja, na kwa mwendo huu huenda nikahuisha kibali cha kutumia kitu ambacho sijawahi kukitumia.

Kuna wanaosema kwamba hata ng'ambo watu hungojeshwa. Ni kweli. Katika jimbo la California kule Marekani mnunuzi hungoja siku 10 kwa mujibu wa sheria, na Hawaii kibali cha kununua hungojwa siku 14. Lakini mtu wa California akishalipa anaweza kutia alama kwenye kalenda yake, akajua siku ya kuichukua bunduki yake ni ipi. Mimi ningeambiwa siku 90 ningezingoja bila kulalamika. Nilichoambiwa ni “wiki ijayo, mzee”, na wiki hiyo haijawahi kuwa na tarehe.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike leo. Jumanne nilikwenda dukani kwa mara ya pili kuitazama, nikaletewa sanduku lake. Ghala lao halina kiyoyozi na dirisha lake linatazama baharini, na sanduku lenyewe limetandikwa sponji ndani, jambo ambalo mtu yeyote anayeuza chuma hapa pwani anapaswa kujua ni kosa, kwa kuwa sponji hunyonya unyevu wa chumvi na kuukumbatisha chuma usiku na mchana. Nilipoinua mitutu kuielekeza kwenye mwanga, niliona juu ya chuma cheusi, karibu na bawaba, alama ya kidole gumba iliyoshika kutu. Mistari yake yote inasomeka. Mtu aliishika kwa mkono wenye jasho, akairudisha sandukuni bila kuipangusa kwa tambara la mafuta, na chumvi ikamaliza kazi. Mimi niliyetoa alama za vidole kumi ili nimilikishwe bunduki hii, alama ya kwanza kubaki juu yake si yangu.

Kijana wa dukani akanituliza: “Mzee wangu, subira yavuta heri.” Nikamwambia yangu imevuta kutu.

Na mihuri iliyogongwa chini ya mitutu inaonyesha kwamba bunduki hii ilipitia majaribio ya Gardone Val Trompia, Italia, ambako silaha hupigwa kwa risasi za mgandamizo mkubwa kuliko wa kawaida kabla ya kuuzwa. Hivyo hata kufyatuliwa ilikwisha fyatuliwa. Ni mwenyewe tu aliyebaki.

Mtauliza, mbona hukuichukua Julai, namba ilipokwisha andikwa? Kwa sababu nililipia pia risasi 250 za marisau ya gramu 24, uzito unaotumika katika mchezo huu, na duka lilishikilia kwamba vyote vitatoka pamoja kwa hati moja. Risasi hazijafika. Zilizopo ni zile za chembe kubwa, ambazo uwanja wa shabaha hauziruhusu, na mchezo hauna mahali pengine pa kuchezewa: uwindaji ulipigwa marufuku nchini tangu 1977, kwa hiyo hakuna shamba la mjomba Kwale nitakakokwenda kujaribia. Uwanja nao humtaka mwanachama mpya afundishwe usalama akiwa na bunduki yake mwenyewe, Jumapili moja tu kwa mwezi. Ya Mei ilizama kwa mvua za masika, na zilizofuata nimezikosa kwa kuwa sikuwa na cha kubeba.

Jumatatu narudi dukani na barua yenye mambo matatu: waniandikie tarehe ya kunikabidhi bunduki, wagharimie kuondolewa kwa kutu hiyo na fundi anayejua kutia chuma weusi upya, na wanirudishie fedha za risasi ili nizitafute kwingine. Aliyenunua silaha hapa Mombasa mwaka huu naomba aniambie jambo moja tu: kati ya siku uliyolipa na siku uliyofyatua risasi ya kwanza, zilipita siku ngapi? Nataka kuziambatanisha na barua.