Tupeane uzoefu: boliti ya oili ikikula meno

Msafiri wa Rongai
Fundi amefungua boliti ya kumwaga oili kwenye Honda Fit yangu, ikatoka imevalia meno ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), alumini imejiviringa juu yake kama shanga. Akairudisha, inazunguka tu, haishiki. Gari bado liko juu ya jeki. Yaliyowakuta semeni, mlitokaje?

Baba Shiru
Pole ndugu. Karibu chamani.

Kijana wa Grogan
Hiyo ni kazi ya mtu wa kuunga bomba kwenye spana ili afunge "vizuri". Boliti ni chuma, sampu ni alumini, unadhani nani ataumia? Ya Fit ni M14 hatua 1.5 (unene milimita 14, jino hadi jino milimita 1.5), kichwa cha spana 17, na inatakiwa ikazwe kwa nyutoni-mita 39 hivi. Nguvu ya mkono tu. Na ile washa ya alumini, pete ya kuziba chini ya kichwa cha boliti, hubadilishwa kila ukimwaga oili. Ikizeeka inavuja, fundi anakaza, wiki ijayo inavuja, anakaza tena, hadi siku meno yanaaga dunia.

Fundi wa Mdomo
Funga teipu ya mabomba, rudisha, endesha. Yangu iko hivyo na haijadondosha hata tone.

Kijana wa Grogan
Bado.

Mama Pendo
Nyinyi mnacheza. Ngoja niwaambie ya Expressway, ile barabara ya juu ya Nairobi.

Tulitoka Mlolongo tukienda Westlands, mzee wangu kwenye usukani. Alikuwa amebadilishiwa oili mahali fulani, akaambiwa boliti "imelegea kidogo lakini imepigwa teipu". Tumepita Bellevue, taa nyekundu ya oili ikawaka. Nikamwambia, Baba Pendo, simama. Akasema huku juu hakusimamwi ovyo, tutatokea mbele. Nikasema simama! Akaniuliza tangu lini nimekuwa fundi. Injini ikaanza kugonga, kwanza polepole kama mtu anayebisha hodi, halafu ka-ka-ka-ka, na nyuma yetu mstari mweusi umetufuata barabarani. Ilizimika yenyewe. Tukavutwa na breki-dauni, tukateremka, na mlangoni pa kutokea tukalipa ushuru wa barabara kama watu waliofika kwa heshima. Boliti hatukuiona hadi leo. Beringi za kranki ziliyeyuka, tukanunua injini nyingine iliyotoka Japani. Nyumbani hatuzungumzii teipu.

Baba Shiru
🤣🤣 "Tangu lini umekuwa fundi". Mama, huyo mzee bado anaendesha?

Mama Pendo
Anaendesha. Taa ni zangu.

Kaka Mkubwa
Kwa haki, kusimama pale juu kunatisha.

Mwalimu wa Zimmerman
Kaka, taa ya oili si ya petroli. Petroli inakupa muda. Ile ya oili inamaanisha presha imekwisha, unawasha taa za hazadi, unakaa pembeni na kuzima hapo hapo. Kuvutwa ni bei rahisi kuliko injini.

Kaka Mkubwa
Mimi nimesema inatisha, sijasema asisimame. Mbona mnapenda vita?

Msafiri wa Rongai
Jamani, na Fit yangu?

Dereva wa Probox
Nenda Kariobangi Light wakuchomee nati mpya. Mimi nilichomewa, imekaa miaka.

Kijana wa Grogan
Yako ni sampu ya bati la chuma, mzee. Weka sumaku, itashika. Ya Fit haishiki. Alumini inataka mashine ya kuchomea ya gesi ya agoni na mtu anayeijua. Ukimpelekea mchomeaji wa mageti atakurudishia ungo.

Dereva wa Probox
Usitukane watu wa mageti, ndio wanaolisha mji huu.

Mwalimu wa Zimmerman
Msafiri, tafuta mwenye seti ya helikoili ya M14 kwa 1.5. Anapanua tundu, anapiga tapu yake (chombo cha kukata meno), anaingiza koili ya chuma, na boliti ya kawaida inarudi. Mara nyingi inashika kuliko meno ya mwanzo. Tapu iingie wima, ikipinda, washa haitakaa na utavuja milele. Apake grisi nyingi kwenye tapu ili unga wa alumini ushikwe, halafu kabla ya kufunga amimine oili ya bei rahisi kwa juu, itoke na vumbi.

Mama wa Gikomba
Au boliti kubwa ya M16. Mradi usikubali ile ya kujikatia meno yenyewe, yangu iliingia ikiwa imelala upande.

Fundi wa Mdomo
Mimi nanyonya oili kwa mpira kupitia tundu la dipstiki. Boliti siigusi.

Baba Shiru
Kumbe ndiyo maana teipu yako haijavuja, hujawahi kuifungua!

Msafiri wa Rongai
Nimepata mwenye helikoili, yuko Ngara, anakuja na vyombo vyake. Fundi wa huku amenuna, anasema silikoni ingetosha.

Mama Pendo
Muulize tangu lini amekuwa mzee wangu.