Bima ya mkopo wa nyumba imesitisha malipo kwa sababu ya kuku. Ni haki?

Mzee wa Kimara
Wakuu, shemeji yangu kapunguzwa kazi mwezi wa pili, kampuni ilifunga kitengo kizima. Ana mkopo wa nyumba, rejesho 640,000 kila mwezi, na hela ya bima ya mkopo alikatwa siku ile ile mkopo unatoka. Bima wakalipa Machi, Aprili na Mei, kimya. Juni wakaja na kitu wanaita "mapitio ya dai". Dada mmoja mpole kwenye simu: pole sana kaka, sasa unaishije? Shemeji na ulokole wake akajibu kweli tupu: nafuga kuku 200 nyuma ya nyumba. Wiki iliyofuata barua hii hapa, mteja "amebainika kuwa na shughuli ya kumwingizia kipato". Hivi alitakiwa akunje mikono hadi nyumba ipigwe mnada? Nawasilisha.

Chatu Mpole
Mkataba unasemaje? Tunasaini bila kusoma, halafu tunakuja kulia humu. Na samahani mkuu, kuku 200 siyo njaa, hiyo ni ofisi.

Mzee wa Kimara
Ofisi? Umewahi kufuga hata bata wewe? Katika hao 200, 61 wamekufa kwa kideri ndani ya siku nne. Nimeshika koleo mimi mwenyewe kuwafukia. Gunia la chakula unalijua bei? Hiyo ofisi mbona haina mshahara?

Mama Vifaranga
61 kwa kideri maana yake hawakuchanjwa, au chanjo ilishinda juani. Mwanangu, chanjo haibebwi kwenye mfuko wa rambo. Shemeji yako aliinunua wapi?

Utumishi Mstaafu
Nimekaa utumishi miaka 19. Acheni kuku kwanza, barua yake ya kuondoka imeandikwa nini? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe taarifa, aeleze sababu na akae kikao na wafanyakazi au chama chao. Wengi wanaona huo ni mlolongo. Wanaita mmoja mmoja chumbani: saini hapa "makubaliano ya hiari", tunakuongezea mishahara miwili. Kiinua mgongo cha kisheria ni siku 7 za mshahara kwa mwaka, na kinahesabiwa mwisho miaka 10, kwa hiyo mtu anaona kaokota dodo. Kumbe saini hiyo ndiyo inayoua dai, kwa sababu bima inamlipa aliyepunguzwa, haimlipi aliyekubali kuondoka. Wakipitia faili wakaikuta, kuku watakuwa wamepewa kesi isiyo yao.

Mwalimu Asiyechoka
@Chatu Mpole hilo la "hatusomi" limeniuma. Mimi kusoma ndiyo kazi yangu. Nilienda benki kuomba mkataba wa bima niliyokatwa, nikapewa karatasi moja imekunjwa mara tatu. Nikauliza mkataba wenyewe uko wapi, kijana akasema hiyo ni bima ya kundi, mkataba mama unakaa kwao. Kwa hiyo nisome nini, kuta za benki?

Chatu Mpole
Mwalimu, shikamoo. Ungeuomba kwa maandishi. Tatizo walimu mnapenda kuongea.

Mwalimu Asiyechoka
Marahaba. Na wewe tatizo lako naliona kwenye uandishi wako, darasa la nne ulipita dirishani.

Mbongo wa Leicester
Huku Uingereza sakata hili lilikuwa kubwa. Mabenki yaliwauzia watu bima ya kulinda mkopo, hadi waliojiajiri wenyewe ambao hata siku moja wasingepata barua ya kupunguzwa kazi. Zimerudishwa pauni zaidi ya bilioni 38, na mwisho wa kupeleka malalamiko ulikuwa tarehe 29 Agosti 2019. Huko nyumbani mnakubali tu.

Dereva wa Gongo la Mboto
Huyu mbeba maboksi kila uzi lazima atuambie yuko Uingereza. Rudi kwanza umalizie msingi wa nyumba yako Goba, nyasi zimekuwa ndefu kuliko nguzo.

Mbongo wa Leicester
Msingi wangu unakuhusu nini? Na sibebi maboksi, ni muuguzi. Nimeleta takwimu, unaleta nyasi.

Dereva wa Gongo la Mboto
Takwimu za pauni zitamsaidia nini mwenye kuku?

Kipanga
Turudi kwenye mada. Kuna TIRA, wale wasimamizi wa kampuni za bima nchini, na kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, apeleke barua huko. Na kama alichangia NSSF, kuna fao la upotevu wa ajira, theluthi ya mshahara kwa miezi 6.

Chatu Mpole
Hilo fao nalo ni kipato? Maana bima wakisikia, hata matanga wataita shughuli ya kiuchumi.

Mzee wa Kimara
Leo umeongea. Ila la "ofisi" sijakusamehe.

Utumishi Mstaafu
Mleta mada, narudia mara ya pili. Barua ya kuondoka inasema kupunguzwa au makubaliano?

Mzee wa Kimara
@Mama Vifaranga, chanjo alinunua duka la pembejeo pale stendi, akapanda nayo daladala mbili. Sasa hawa 139 waliobaki nifanyeje mama?

Mama Vifaranga
Wameshafika wiki ngapi? Wakiwa na tano uza wote haraka, pulizia banda dawa, usiingize wengine mpaka wiki mbili zipite.

Chatu Mpole
Wanauzwaje? Nina ubatizo Jumamosi, nataka 15.

Mzee wa Kimara
8,000, usafiri wako. Risiti hatutoi.