Mjadala: Mwenye ndege ndogo aruhusiwe kutengeneza geji zake mwenyewe?

Mleta mada

Asalaam aleikum. Wenye ndege ndogo za binafsi hapa Unguja ni wachache mno, lakini wakikutana watatu tu pale uwanja wa ndege wa Kiembesamaki hili lazima lizuke: geji ya ndege yangu imeharibika, ndege ni mali yangu, kwa nini nisiitengeneze kwa mkono wangu? Nimeona nilitoe hadharani, maana anga si yao peke yao.

Hoja yao kubwa ni kwamba "Marekani wanaruhusu". Basi tuisome vizuri hiyo Marekani. Kule rubani mwenye ndege yake, maadamu haibebi abiria wa kulipa, anaruhusiwa matunzo madogo: kubadilisha oili, matairi, betri, kusafisha plagi, kuweka taa mpya ya kutua. Kwenye dashibodi anaruhusiwa hata kuchomoa redio inayoteleza kwenye trei yake na kuirudisha. Wengi husoma mpaka hapo wakafunga kitabu. Sheria hiyohiyo inazitoa transponda (kifaa kinachompelekea muongozaji ndege habari za ndege) na mitambo ya kujiendesha nje ya ruhusa hiyo, na kutengeneza geji au kurekebisha usahihi wake kumewekwa katika fungu la matengenezo makubwa. Fundi wa kawaida mwenye leseni ya injini na bodi naye hagusi ndani ya geji, kazi hiyo ni ya karakana iliyoidhinishwa.

Msimamo wangu: mwenye ndege aruhusiwe kuitoa geji na kuirudisha, akishaonyeshwa na fundi, na fundi akague kabla ya kuruka. Kasha asilifungue. Na zile tatu zinazofanya kazi kwa mgandamizo wa hewa, yaani altimita (geji ya urefu wa kuruka), mita ya mwendo na mita ya kupanda na kushuka, asizichomoe kabisa kama hana mtu wa kuja kupima uvujaji baadaye.

Na mtu asije kuniambia tulipeleke Baraza la Wawakilishi. Usafiri wa anga ni jambo la Muungano, kanuni ni za TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Karibuni.

Mmiliki, Mazizini

Sheikh, wewe una ndege? Mimi ninayo, kwa ubia na wenzangu wawili. Jairo ya uelekeo, ile geji ya dira yenye gurudumu linalozunguka, ilianza kuyumba, unaiweka kwenye digrii 030 kwenda Pemba, ukiinua macho imeshahama. Tukaipeleka bara kwenye karakana moja, siitaji. Ikakaa huko hata tukaisahau. Ikarudi na bili, ikafanya kazi kidogo, ikafa tena. Nilipoifuatilia mwenyewe nikakuta geji haina kosa lolote. Ni chujio la mfumo wa vakyumu (unaofyonza hewa) lililoziba vumbi, kwa hiyo jairo ilikuwa haipati hewa ya kuizungusha. Chujio! Kitu cha dakika chache.

Sasa niambie, nani alikuwa fundi hapo?

Na mbona Kanada huitaji? Wanalo daraja zima la ndege za binafsi ambazo mwenyewe anatengeneza na kutia saini mwenyewe. Wameanguka wote?

Fundi wa ndege

Mmiliki, pole kwa hasara. Aliyeichukua geji yako bila kupima vakyumu kwanza hakufanya kazi yake, hilo silitetei. Lakini umeikata mkia hadithi ya Kanada. Daraja hilo ni la ndege ndogo zisizofanya biashara, na ukishaiingiza ndege yako humo Marekani haikupokei katika anga yao. Kurudi daraja la kawaida ni kazi kubwa. Si zawadi, ni biashara ya kubadilishana.

Na chujio siyo geji. Mimi naogopa kitu kingine. Nimeshaletewa mita ya mwendo iliyokufa kabisa, mshale umelala kwenye sifuri. Mwenyewe aliona bomba la pito, linalopokea upepo wa mbele ndege ikienda, lina udongo wa nyigu, akachukua kompresa ya gereji akapuliza kutokea mbele, mpira wa nyuma ya geji haujachomolewa. Ndani ya ile geji kuna kidonge cha bati jembamba kinachovimba na kunywea, na ndicho kinachosukuma mshale. Ndege ikienda noti 100, hewa inayoingia pale inazidi ile ya kawaida kwa robo ya psi (kipimo cha mgandamizo) hivi. Kompresa inatoa psi 100 na zaidi. Hesabu hiyo haihitaji leseni.

Njia yake ni kwenda nyuma ya dashibodi, kuchomoa mpira kwenye geji, kuuwekea alama, ndipo upulize kutoka ndani kwenda nje. Halafu unarudisha, unafunga, unapima. Na hapo kwenye kupima ndipo wenye ndege wanaponiacha. Mashine ya kupimia inavuta hewa kwenye mfumo wa statiki (unaozipa geji hewa tulivu ya nje) mpaka altimita ionyeshe futi 1,000 juu ya ulipo, unafunga, unaangalia saa. Kwa kiwango cha Marekani, kwenye ndege isiyojazwa hewa ya mgandamizo ndani, mshale usirudi zaidi ya futi 100 kwa dakika moja. Altimita yenyewe nayo ina kiwango: kwenye futi 1,000 isikosee zaidi ya futi 20, kwenye futi 10,000 isizidi 80. Wewe nyumbani utaipima kwa nini? Kwa macho?

Mchangiaji, Chake Chake

Jamani mimi sina ndege, hata vespa nimeuza. Ninachopanda ni Caravan ya abiria kutoka uwanja wetu hapa kwenda Unguja. Hizo za biashara si zina mafundi wake? Mtu akiharibu geji ya ndege yake si ataanguka yeye? Hebu nielewesheni inanihusu vipi.

Mleta mada

Ndugu yangu wa Chake, swali lako ndilo lililonifanya niandike.

Ndege mbili zikikutana juu ya Nungwi, kinachozitenganisha ni namba za kwenye altimita. Kwa utaratibu wa kimataifa, kwenye usawa wa safari, ndege inayoongozwa kwa vyombo ikitoka Pemba kuja Unguja inashika futi 6,000 kamili, na rubani anayekwenda kwa kuona kwa macho, uelekeo uleule, anashika 6,500. Kati yao futi 500. Sasa altimita ya yule aliyejitengenezea ikidanganya kwa futi 300, zimebaki 200, na yeye anaapa yuko 6,500. Ndani ya Caravan mmekaa nyinyi na madumu ya asali na watoto wanaokwenda hospitali ya Mnazi Mmoja. Transponda nayo inampelekea muongozaji ndege namba ya urefu kutoka mfumo uleule wa statiki. Mfumo ukiwa na kasoro, muongozaji naye anadanganyika, na kifaa cha kuonya mgongano katika ndege nyengine kinahesabu kwa namba hiyohiyo.

Ndiyo maana "nitaanguka mimi" naikataa kwa altimita. Kwa taa ya dashibodi naikubali.

Mwanafunzi wa urubani

Samahani wakubwa. Mbona ajali zinazotajwa darasani za geji hizi ni za ndege kubwa zenye mafundi wa kuajiriwa? Mwaka 1996 peke yake: Birgenair kule Puerto Plata, bomba la pito liliziba, inaaminika ni nyigu, watu 189. Halafu Aeroperú pale Lima, ndege ilioshwa, matundu ya statiki yakazibwa kwa tepu, tepu ikasahauliwa, watu 70. Hapo hakuna mwenye ndege aliyeshika bisibisi.

Mmiliki, Mazizini

Ahsante mwanangu! Leseni haikuiona tepu.

Fundi wa ndege

Haikuiona, kweli. Na rubani aliyeizunguka ndege kabla ya kuruka naye hakuiona. Hivyo kila kazi ya pito na statiki nataka macho mawili, la aliyefanya na la asiyefanya. Wewe Mmiliki unataka tubakishe la aliyefanya tu.

Mchangiaji mwingine

Nyongeza ndogo kwa wanaopenda kununua geji za zamani mtandaoni wakazifungua mezani. Nyingi za wakati wa vita vya pili namba zake zilipakwa rangi ya radiumu ili zing'ae gizani. Hazing'ai tena, lakini mionzi ipo; nusu yake huchukua miaka 1,600 kuisha. Ukivunja kioo ukakwaruza ile rangi unavuta vumbi lake. Msifungulie sebuleni kwenye watoto.

Mmiliki, Mazizini

Sawa, kasha nimeliacha. Altimita nayo nimewaachia, ya Chake Chake nimeyasikia. Lakini bahari hii ina chumvi, masika maji yanaingia kwenye mipira ya statiki mpaka mshale unakwama halafu unaruka. Kimtego cha maji kipo pale chini, nakifungua, natoa matone, nafunga. Hilo pia ningoje mtu avuke na mashine yake? Na akichelewa, ndege ikae wiki nzima juani?

Fundi wa ndege

Kimtego mwaga, kama kitabu cha ndege kinasema rubani amwage. Andika kwenye daftari la ndege tarehe na jina lako. Ukishafunga, weka kwenye altimita mgandamizo wa siku ile waliokupa mnara. Uwanja wa Kiembesamaki uko futi 54 juu ya bahari. Marubani wa Marekani wanaoruka kwa vyombo hawaondoki altimita ikipishana na urefu wa uwanja kwa zaidi ya futi 75. Ikizidi hapo, nipigie, na usiruke.

Mmiliki, Mazizini

Na ikiwa 70?

Mleta mada

Hapo nami nataka kusikia wengine. Mimi kwa 70 siruki.