Yule fundi wa chini ya ngazi ameniambia ninunue DAFTARI!

MamaFotokopi
Wadau, mkiona herufi zinarukaruka mnivumilie. Mikono inatetemeka, na ninaandika kwa simu kwa sababu kompyuta yangu, kwa mujibu wa bingwa, ni marehemu.

Mnamjua. Msijifanye hamumjui. Yule fundi wa katikati ya Kampala, chini ya ngazi, mwenye bisibisi nyuma ya sikio na kiti cha mteja chenye miguu mitatu. Anayekuita "mteja wangu wa dhahabu" mpaka ulipe. Huyo huyo.

Nimeibeba sipiyu yangu, yaani lile kasha la kompyuta, kwenye boda kutoka Wandegeya, nimeikumbatia njia nzima, mawingu yameshuka hadi kwenye kofia ya dereva. Tatizo lenyewe ni hili: ukibonyeza swichi, taa inawaka, feni inazunguka, skrini nyeusi tii. Halafu inapiga bipu. Ndefu. Inanyamaza. Inapiga tena. Hivyo hivyo mpaka uizime. Nimemweleza yote haya kwa heshima, nikamwita ssebo, yaani bwana, nikamwita mtaalamu.

HAKUGUSA. Hakufungua hata skrubu moja. Alikuwa na rolex mkononi, ile chapati ya kuviringishia mayai, mafuta yanamchuruzika hadi kwenye kiwiko. Akaiangalia sipiyu kutoka upande wa pili wa meza, akatafuna, akameza, akasema: "Mama, mazabodi imekufa. Hii ni maiti, wapelekee wanunua vyuma." Mazabodi ndiyo ile bodi kuu ya ndani inayounganisha kila kitu. Nikamuuliza umejuaje? Akasema macho yake ni mashine.

Mimi nikasema, lakini ssebo, inapiga bipu.

Hapo ndipo. Hapo ndipo jamani! Akawageukia wateja waliokuwa kwenye foleni, akapaza sauti ya mnadani: "Mama, kwa hii kazi yako ya kuchapa barua, nunua DAFTARI." Foleni nzima ikacheka. Mpaka kale katoto kanakouza maji ya chupa kakacheka, kakalazimika kuweka chupa chini. Halafu akaufuta ule mkono wake kwenye sipiyu yangu. Alama za vidole vinne, mafuta ya chapati, naziona hapa ninapoandika.

Daftari! Mimi! Ninayewachapia tasnifu nusu ya watoto wa chuo pale mlimani Makerere, watu wazima sasa ni madaktari na wanasheria kwa vidole hivi!

Eti mazabodi "ya Ulaya" ni laki tatu na nusu, na uchunguzi elfu ishirini. Uchunguzi upi? Wa kutafuna? Nimelipa kwa sababu alikuwa ameweka mguu juu ya sipiyu na hautoi.

Sitaki ushauri. Nataka mkasirike pamoja nami.

KijanaWaNaalya
Wa kwanza hapa! Mama, daftari la kurasa 96 au la 200? Uliza kabla hujanunua.

MamaFotokopi
Wewe mtoto nitakutafuta.

Bwana_Busia
Pole sana mama. Huyo mimi ni jeraha langu la zamani. Nilimpelekea mashine yenye ramu, vile vibao vya kumbukumbu, ya gigabaiti 8, ikarudi na 4. Nilipouliza akasema nyingine "ilikuwa inakula umeme". Nikamshukuru! Nilimshukuru kwa mdomo wangu na nikamwachia pesa ya soda.

NyaboWaBukoto
Huyu ndiye alisema kompyuta ya ofisini kwetu ina virusi kwenye monita. Akaenda nayo monita "kuichanja". Hatujaiona tena.

MtaaWaTanga
Nilidhani Waganda hamjui Kiswahili, kumbe mkikasirika kinatiririka. Mwaka 2022 baraza lenu la mawaziri lilipendekeza kifundishwe kwa lazima shuleni, naona mmeanzia kwenye sura ya malalamiko.

Mzee_Arua
Mama Fotokopi, pole. Nimetengeneza mashine hizi tangu zikiwa na diski za plastiki za kuchomeka. Hizo bipu ni ndefu tupu, au kuna fupi katikati?

MamaFotokopi
Shikamoo mzee wangu. Ndefu tupu, inajirudia. Lakini nilisema sitaki ushauri. Mzee, DAFTARI. Mbele ya watu. Kuna mwanafunzi wangu mmoja alikuwa kwenye ile foleni, amekuja kudai chenji yake huku anazuia kicheko.

Mzee_Arua
Marahaba. Basi nitaongea na wengine, wewe endelea kukasirika.

Mazabodi iliyokufa kabisa haina sauti. Bipu inapigwa na BIOS, programu iliyo ndani ya mazabodi yenyewe, na ili isikike lazima umeme uwe unafika na prosesa iwe inafanya kazi. Kwa hiyo maiti ya huyo kijana ilikuwa inamwambia kwa sauti mahali inapoumwa, yeye anasikiliza chapati. Skrini nyeusi na bipu ndefu inayojirudia, mara nyingi ni ramu. Ndefu moja ikifuatwa na fupi mbili, kwenye BIOS za kampuni ya Award, hiyo ni kadi ya video. AMI, watengenezaji wengine wa BIOS, wana hesabu yao, Dell na HP wana zao, na mashine nyingine hazipigi chochote, zinawasha taa ndogo tu. Soma kwanza jina la BIOS au modeli ya mashine, ndipo uanze kuhesabu.

Mwenye shida kama hii achomoe waya ukutani, abonyeze swichi ya kuwashia kama sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe, aguse chuma cha kasha. Atoe ramu zote. Yale meno ya rangi ya dhahabu ayasugue taratibu kwa rabari ya penseli, apulize mabaki, apitishe brashi kavu kwenye tundu. Arudishe ramu MOJA tu, aibonyeze mpaka vishikizo vilie tak pande zote mbili. Awashe. Ikikataa, tundu la pili. Ikikataa tena, ramu ya pili. Kwa vumbi letu hili jekundu la Januari, mashine nyingi zilizotangazwa msiba zilikuwa na meno machafu.

FundiBilaCheti
Mzee unamchelewesha mama. Ni pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kasha. Kila kitu Kampala ni pawa saplai.

Mzee_Arua
Kijana, umepima?

FundiBilaCheti
Sijapima, lakini nasikia tu kwa jinsi alivyoandika.

Bwana_Busia
Tayari tumempata wa pili, huyu wa kwake ni masikio.

Mzee_Arua
Pawa saplai haihukumiwi kwa uvumi. Ile plagi kubwa ya pini 24, ikishachomolewa kwenye mazabodi, unaunganisha waya wa kijani na mweusi wowote kwa kipande cha waya, feni inazunguka. Hiyo inakuonyesha kwamba inawaka, basi. Haikuonyeshi kama inabeba mzigo. Chukua mita, pima mashine ikiwa imewaka: waya wa njano uwe kati ya volti 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25. Ikiwa chini ya hapo, ndiyo ugonjwa. Na uangalie kapasita za kwenye mazabodi, vile vikopo vidogo vinavyotunza umeme, vyenye kifuniko cha bati. Kilichovimba au kuvuja kitu cha kahawia, hapo nitakubali neno "mazabodi". Huyo kijana hakuangalia hata moja, angeangaliaje na kasha limefungwa?

BodaWaKisaasi
Mimi pawa saplai niliifungua kabisa kwa ndani nione. Ilinirusha nikatua kwa jirani, nikakuta wanakula, nikakaribishwa.

Mzee_Arua
Usirudie. Mle ndani kuna kapasita inayoweza kushika volti zaidi ya 300 hata waya ukiwa umechomolewa. Ile haifunguliwi na mtu wa nyumbani, inabadilishwa nzima.

NyaboWaBukoto
Na hizi zinazoandikwa wati 600 halafu ukiinyanyua ni nyepesi kuliko mkoba wangu? Nilinunua moja, ikafa siku ya mitihani ya mwanangu, ikatoa moshi wa kijani. Muuzaji akaniambia nilikuwa nimeiwasha vibaya. Kuna kuwasha vibaya?

KijanaWaNaalya
Ukiwasha kwa mkono wa kushoto.

MamaFotokopi
Nauliza, tunaongelea nini hapa? Nilileta habari ya mtu kufuta mkono wa rolex kwenye mali yangu. KUFUTA MKONO. Nimejaribu sabuni, nimejaribu spiriti, mafuta yameingia kwenye matundu ya hewa. Sipiyu inanuka vitunguu. Mteja ameingia sasa hivi kuulizia mandazi.

BodaWaKisaasi
Lakini mama, tuseme ukweli, daftari halina ramu.

KijanaWaNaalya
Halipigi bipu.

Bwana_Busia
Na halihitaji umeme, ambao wenyewe haupo. Kwetu tangu asubuhi umerudi na kukatika mpaka friji inaongea peke yake. Hapo ndipo zinapofia hizo mashine, mnawasingizia mafundi.

NyaboWaBukoto
Afadhali ukatwe na shirika. Mimi nakatiwa na mwenye nyumba. Mita ya Yaka, ile ya kulipia umeme kabla, ni moja, wapangaji saba, anatuuzia yuniti kwa bei anayoiota usiku. Amekataza pasi. Amekataza birika. Juzi alikuja kuuliza kwa nini dirisha langu lina mwanga saa sita.

FundiBilaCheti
Wa kwangu anapita usiku anaweka sikio ukutani. Akisikia feni ya kompyuta, asubuhi una bili ya ziada. Nilimwambia ni UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta, inalia, akasema na kulia kunalipiwa.

MamaFotokopi
WADAU! IMEWAKA! Kwa hasira nimeifungua mwenyewe, nimechukua rabari ya mtoto ya shule, nimesugua kama alivyosema Mzee_Arua, nimerudisha ramu moja, tak, skrini ikaja. Elfu ishirini zangu! Laki tatu na nusu aliyotaka! Kwa rabari! Sasa nina hasira kuliko asubuhi, kwa sababu angetumia dakika tatu tu angejua, lakini hakutaka kuweka chini chapati. Halafu eti daftari! Narudi kule na mashine ikiwa imewaka, nitaiunganisha kwenye soketi yake mwenyewe mbele ya ile foleni, nichape kwa herufi kubwa ukurasa mzima neno DAFTARI. Nani ananisindikiza?

Mzee_Arua
Hongera mwanangu. Ile ramu ya pili ijaribu peke yake kabla hujairudisha, ikigoma uitupe. Na kama saa ya mashine imerudi nyuma miaka, kuna kibetri cha duara kwenye mazabodi, CR2032, volti 3. Badilisha kabla tasnifu za watu hazijawa na tarehe za zamani.

NyaboWaBukoto
Hongera mama. Bwana_Busia, wewe mwenye nyumba anakuruhusu friji?

Bwana_Busia
Ananiruhusu kuifungua. Kuichomeka ni mazungumzo mengine.

BodaWaKisaasi
Wa kwangu amehesabu balbu. Nilipobadilisha iliyoungua alitaka kuiona ile ya zamani, athibitishe haijaenda chumba kingine.

MamaFotokopi
Jamani, nilisema IMEWAKA. Na nani ananisindikiza mjini? Fungueni uzi wenu wa wenye nyumba, huu ni wa daftari.

MtaaWaTanga
Bukoto, huyo wako ni yule wa karibu na kona ya msikiti, mwenye mbwa na gari lisilotembea?

NyaboWaBukoto
Ndiye! Umemjuaje wewe wa Tanga?

MtaaWaTanga
Nimewahi kupanga kwake nikiwa chuo. Ana amana yangu mpaka leo.

FundiBilaCheti
Subirini. Mbwa mweupe mwenye sikio moja?

KijanaWaNaalya
Jamani, huyo ni mjomba wangu.

NyaboWaBukoto
Mwambie naitaka pasi yangu.