Namna ya kupanga na kutafsiri barua za afisa wa jeshi, 1917 hadi 1918

Mtafsiri wa Sinza
Ndugu wanajamvi, shemeji yangu Mmarekani, aliyemwoa dada yangu hapa Dar es Salaam, amenikabidhi barua ambazo babu wa baba yake alimwandikia mama yake kutoka kambi za Fort Sheridan na Camp Grant, jimbo la Illinois, alipokuwa akifunzwa uafisa na baadaye akiwafunza wengine. Ningependa wapwa zangu wazisome kwa Kiswahili. Nyingi hazina tarehe, zimeandikwa "Jumapili usiku" tu, na Vita vya Kwanza vya Dunia havitajwi. Ni matope, soksi na chakula. Je, zilikaguliwa? Na je, nizifungue kwa "ama baada ya salamu, mimi huku ni mzima, sijui wewe"?

Mkutubi wa Upanga
Ndugu Mtafsiri, usitenganishe kamwe barua na bahasha yake. Kama muhuri wa posta umefifia, tazama stempu: tarehe 2 Novemba 1917 gharama ya barua nchini Marekani ilipanda kutoka senti 2 hadi senti 3, ikarudi senti 2 mwezi Julai 1919. Marekani iliingia vitani Aprili 1917, na kambi ya kwanza ya maafisa pale Fort Sheridan ilianza Mei ikadumu takriban miezi mitatu. Kwa hiyo barua ya kijana anayesubiri cheo ni ya huko, na ya mwalimu wa makuruta ni ya Camp Grant, ambako walianza kuwasili Septemba. Ukikuta habari za hospitali kufurika, huenda ni vuli ya 1918, mafua yalipoua watu zaidi ya 1,000 katika kambi hiyo.

Kuhusu ukaguzi, barua za wanajeshi waliokuwa Ufaransa ndizo zilizosomwa na maafisa kabla ya kutumwa. Huyu alikuwa bado nchini mwake, hivyo ukimya huo naamini ni wake mwenyewe: mtoto anayejua kwamba mama yake hapati usingizi humwandikia habari za soksi.

Mstaafu wa Kigamboni
Naunga mkono. Nilipokuwa kuruta nilimwandikia mama kwamba tunakula vizuri, nikayaficha malengelenge ya miguuni. Mwanangu, tumia maneno ya jeshini: hanga (bweni la askari), kwata (gwaride), singe (kisu cha mdomo wa bunduki), na cheo chake cha kwanza kiwe Luteni Usu. Salamu za shuleni usimwekee, kwa kuwa hakuzisema. "Mama mpendwa" inatosha.

Mtafsiri wa Sinza
Shikamoo mzee wangu, nawashukuru nyote wawili. Usiku huu nimezipitia bahasha. Barua niliyoiweka ya kwanza kabisa, ile anayomsihi mama yake asitume soksi nyingine, ina stempu ya zambarau ya senti 3, kwa hiyo nimeihamishia Camp Grant, katika majira ya baridi.