CPAP ya presha moja, ya kujirekebisha, au mashine ya oksijeni ya jirani: tuchukue ipi?

Mke wa Dereva, Igoma
Wakuu, habari za jioni. Mume wangu anaendesha lori Mwanza–Dar. Akilala anakoroma, halafu ghafla kimya. Huwa nahesabu gizani. Juzi nilifika ishirini na tano ndipo akashtuka kama mtu aliyeibuka majini. Amepimwa akiwa usingizini, karatasi inaonyesha pumzi inakatika au kupungua mara 38 kwa saa. Daktari kaandika CPAP, ile mashine ya kusukuma hewa kooni kupitia barakoa mtu akilala, presha 11. Ya presha moja ina nafuu ya bei, inayojirekebisha yenyewe ni ghali, na jirani anauza mashine ya oksijeni ya marehemu baba yake. Mume anaitaka hiyo ya jirani. Kuna pia aliyetutajia kifaa cha meno. Naombeni ushauri, nimechoka kulala macho.

Nesi wa Zamu
Pole sana dada. Hiyo ya oksijeni iacheni. Koo la mumeo linaziba: akilala misuli inalegea, ulimi unarudi nyuma, hewa haipiti, na oksijeni nayo haitapita. Kwa wengine oksijeni peke yake hurefusha vile vipindi vya kukata pumzi. CPAP inasukuma hewa hii hii ya chumbani bila kukoma ili njia ikae wazi. Daktari Colin Sullivan wa Sydney ndiye aliyeianzisha, akachapisha matokeo ya wagonjwa watano mwaka 1981.

Kifaa cha meno huvuta taya la chini mbele. Kinawafaa zaidi wenye tatizo dogo au la kati, au walioshindwa mashine. Kuanzia 30 kwa saa ni kali, na yeye ana 38.

Dada, nakuomba jambo moja: asishike usukani wa safari ndefu mpaka daktari aone tiba imemkaa.

Mzee wa Kirumba
Mwanangu, mimi nina mwaka wa nne na ya presha moja. Presha ikishapimwa, hiyo inatosha. Ya kujirekebisha inamfaa zaidi ambaye presha yake haijajulikana, au inayobadilika sana akilala chali. Hela itakayobaki iweke kwenye barakoa, maana wengi wanashindwa hapo.

Nilianza na ile ya kufunika pua na mdomo. Nina ndevu, hewa ikawa inavujia machoni, naamka mekundu kama nimepikia kuni mbichi. Nikakaza mikanda mpaka ngozi ya pua ikachubuka, bado inavuja. Nilipohamia vile vijibomba laini vya puani nikalala. Lakini anayepumua kwa mdomo, hewa itamtokea huko huko, kwa hiyo ile kubwa ndiyo yake. Aijaribu akiwa amelala, mashine imewashwa, ageuke ubavu huu na huu. Ukiijaribu umekaa kwenye kiti cha dukani inakudanganya.

Fundi Sola, Nyakato
Shemeji, ulizia umeme kabla ya kulipa. Nyingi zinakubali betri, volti 12 au 24, ila kila moja na waya wake. Lori la shemeji ni volti 24, asichomeke kwa kubahatisha. Kinachonyonya betri ni kile chombo cha kupasha maji ili hewa isiwe kavu. Mteja wangu wa Ukerewe hukizima umeme ukikatika, na betri inamfikisha asubuhi.

Mama Kayenze
Sisi wa ufukweni tuna la ziada. Wale wadudu wa ziwani wakipanda jioni kama moshi, taa ikiwaka tu wanajaa chumbani. Nilifungua filta ya mashine ya baba baada ya wiki mbili: kijivu, mabawa yamenata. Sasa naikagua kila Jumamosi. Maji ya kile chombo nunua yaliyosafishwa, famasi, na uyamwage kila asubuhi. Usitume mtoto gereji "maji ya betri", akaletewa maji makali. Hiyo ni asidi.

Mke wa Dereva, Igoma
Na CPAP ya mtumba?

Nesi wa Zamu
Angalieni modeli kwanza. Juni 2021 kampuni ya Philips iliita mashine zake nyingi zirudishwe kwa sababu sponji ya ndani ilikuwa ikimomonyoka na kuingia kwenye njia ya hewa. Barakoa, mpira wa kupitisha hewa na filta ziwe mpya kwa vyovyote.

Mke wa Dereva, Igoma
Nimerudi baada ya siku tisa. Tulichukua ya presha moja, mpya, na barakoa ya pua. Bosi wake amempa kazi za yadi kwa sasa. Usiku wa kwanza aliivua saa nane. Wa pili hivyo hivyo, na maneno juu. Wa nne niliamka kwa sababu ya ukimya, moyo ukaruka, nikamwekea mkono kifuani. Kilikuwa kinapanda na kushuka, taratibu. Nimekaa hivyo mpaka adhana.